Ngazi, Karanga na Chungu cha Nyumbani: Historia ya Mafuta Kwetu



Mara nyingi tukiandika juu ya mila za wazee wetu tunaanza na ndoa, kilio, ngoma na majina ya koo. Safari hii tumechagua kitu ambacho kiko ndani ya kila nyumba na ambacho watu hawakitazami kama historia: mafuta ya kupikia. Tunasema zaidi juu ya mafuta ya ngazi, ambayo wengine wanaita mawese, kiisha tutapita kwa karanga na soya.

Sisi tuliosoma zamani tulifundishwa ya kama Kongo ilikuwa nchi kubwa ya mafuta. Mwalimu aliandika ubaoni tani zilizopakiwa kwenye meli Matadi, nasi tukazikariri kwa ajili ya mtihani. Hata siku moja hatukuulizwa mama zetu walinunua chupa moja kwa bei gani, ao ilitoka fasi gani. Hesabu ya tani na hesabu ya chupa ni mambo mawili. Kuna miaka ambayo tani zilipanda huku chungu cha nyumbani kikikauka, na kuna miaka tani zilianguka kabisa na watu wakaendelea kula sombe yenye mafuta. Historia ambayo inahesabu meli peke yake inatuambia tulikuwa matajiri kiisha tukawa maskini. Tukiitazama toka jikoni inasema mambo mengine.

Fasi ambapo mungazi unaishia

Mungazi ni mti wa Afrika, wa magharibi na wa katikati. Haukuletwa na mtu toka ng'ambo kama vile muhogo, mahindi na karanga, ambavyo vilitoka Amerika na kutufikia kwa njia ya Wareno kiisha mwaka 1500. Lakini hauoti pote. Unataka joto, mvua na bonde. Ukipita meta 1000 hivi juu ya bahari unaanza kusumbuka, na kwenye meta 1500 unaweza kusimama kama pambo mbele ya nyumba ya misioni, lakini usitegemee mikungu yake.

Sasa tutazame maziwa yetu mawili. Maji ya Tanganyika yako kwenye meta 770 hivi, ya Kivu kwenye meta 1460. Ruzizi inateremka toka huku paka kule. Msafiri anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa mteremko wa Ngomo anaweza kusoma historia ya mafuta ya Kivu ya Kusini kwa kutazama tu dirishani: juu ni ng'ombe, migomba na maharagi; akifika Kamanyola joto linampiga usoni, na kadiri anavyoendelea kusini ataona mingazi, muhogo na karanga, kupitia Uvira hadi Baraka na Fizi. Upande wa pori, Mwenga na Shabunda na Maniema yote, mungazi uko nyumbani kwake.

Njo maana kwa mtu wa bonde mafuta yalikuwa kitu cha nyuma ya nyumba, na kwa mtu wa mlima yalikuwa kitu cha soko. Wazee wa Bushi walijua siagi ya ng'ombe, na waliitumia kwa chakula, kwa mwili na kwa ngozi. Mafuta mekundu waliyapata kwa kubadilishana na watu wa chini na wa pori. Hakuna aibu ndani ya jambo hilo. Mlima ulikuwa na maziwa na maharagi, bonde lilikuwa na mafuta na samaki, na njia za miguu zilijua kazi yao. Lakini tangu hapo tayari, mafuta ya mtu wa mlima yalitegemea njia. Tukumbuke neno hilo, litarudi.

Sehemu nyingine za nchi zilikuwa na chanzo chao. Huko Aru na Mahagi, upande wa Ituri, ufuta, ao simsim, ndio ulitiwa ndani ya mboga. Wapori walitwanga mbegu za maboga, zile wengine wanaziita mbika. Kasai na Katanga walizoea karanga. Mtu akisema "chakula cha Wakongomani" kama kitu kimoja, amekula nyumba moja tu.

Ziwani, biashara ya mafuta ilitangulia wazungu. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa pili 1858 waliyakuta mafuta ya ngazi sokoni pamoja na samaki, chumvi na pembe. Mtumbwi ulivuka na mafuta ukarudi na chumvi ya Uvinza. Na leo hata Kigoma wana ngazi zao, wanaziita chikichi, na Rumonge ya Burundi inajulikana kwa mafuta. Ziwa lile ni moja.

Kazi ya kukamua

Vijana wengi wa mjini hawajaona mafuta yanavyotoka, kwa hiyo tueleze kidogo. Mwanaume anapanda kwa mkanda wa kamba unaomfunga yeye na mti, anakata mkungu, unaanguka. Kazi yake inaishia karibu pale. Mkungu unaachwa siku chache kusudi ngazi zilegee, zinachambuliwa toka kwa miiba, zinachemshwa ndani ya pipa, zinatwangwa ndani ya kinu ao zinakanyagwa kwa miguu ndani ya shimo lililosakafiwa. Kiisha maji yanatiwa, mafuta yanaelea, yanaenguliwa, yanachemshwa tena paka maji yaishe. Kuni, maji, moto, mgongo: hii yote ni kazi ya wamama na watoto wao. Nyuzi zilizobaki zinawasha moto wa kesho. Kokwa zinapasuliwa jioni moja moja kwa jiwe, na mafuta yake ya ndani ni ya nywele na ya ngozi ya mtoto.

Siku zile za kuacha mkungu zina siri yake. Ukizifupisha, ngazi zinakataa kutoka na kazi ni ngumu. Ukizizidisha, mafuta yanakuwa makali kooni. Kiwanda kinapima ukali huo kwa dawa na namba. Mama anapima kwa kunusa na kwa kutia ncha ya kidole mdomoni. Mafuta makali hayatupwi, yanapelekwa kwa sabuni. Huko Bukavu mnunuzi anayapima kwa baridi: usiku yanaganda ndani ya chupa, na akiona maji yamejitenga chini anajua muuzaji alikuwa na haraka.

Kuna tabia moja ambayo hatuisifu. Wengi wanachoma mafuta kwenye moto mkali paka rangi nyekundu ipotee, eti harufu imezidi. Rangi ile ndiyo yenye vitamini A ya macho ya watoto. Wazee wetu hawakujua jina la vitamini, lakini hawakuwa na desturi ya kuyafanya meupe.

Mti "usio na mwenyewe"

Mwaka 1885, tarehe 1 mwezi wa saba, Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold II liliandika amri fupi: ardhi isiyokaliwa ni ya serikali. Maneno machache, na ndani yake mingazi mingi ilipotea bila kukatwa. Ju ya nini? Mtu anayejua pori anajua ya kama mingazi inayosimama pamoja ndani ya pori mara nyingi ni alama ya kijiji cha zamani. Watu walikaa pale, walikula ngazi, walitupa kokwa, walihama kutafuta udongo mpya ao kukimbia vita na ugonjwa, na kokwa zikaota kwenye majivu yao. Mingazi ile ilikuwa ushahidi wa watu. Serikali ikaisoma kinyume: hakuna nyumba, basi hakuna mwenyewe.

Kwa msingi huo Ubeleji ulitia sahihi mkataba na William Lever, Mwingereza wa sabuni ya Sunlight, tarehe 14 mwezi wa ine 1911. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa miviringo mitano kwenye ramani, kila mmoja wa kilometa 60 toka katikati mpaka ukingo, na ndani yake ruhusa ya kuchagua ardhi hadi hektari 750 000. Fasi zikapewa majina: Lusanga ikawa Leverville, zingine zikaitwa Alberta, Elisabetha, Brabanta, Flandria. Majina ya mfalme, ya malkia na ya majimbo ya kwao. Mwenyeji aliyekuwa akikata ngazi kwa ajili ya nyumba yake sasa alikata kwa kilo, na bei ya kilo ilipangwa na mnunuzi mmoja.

Tutoke ziwani kidogo tuende mbali, upande wa Kwango na Kwilu, kwa sababu huko ndiko tunaona wazi mpango huo ulimaanisha nini. Kuanzia 1930 bei ya dunia ilianguka na kampuni zikashusha bei ya ngazi. Kodi haikushuka. Mtu alipaswa kukata mikungu mingi zaidi kuliko mwaka uliopita kusudi alipe kodi ile ile, na miti ilikuwa ile ile, yenye urefu ule ule wa kuanguka. Katika mwezi wa sita 1931 Wapende walisimama. Wakala wa serikali, Maximilien Balot, aliuawa. Askari walikuja, na Wapende waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Hayo yalikuwa maandamano juu ya bei ya ngazi mbele ya kuwa kitu kingine chochote, na kwa maoni yetu yangestahili ukurasa ndani ya vitabu vya shule pale pale ambapo tani za Matadi ziliandikwa.

Kwetu mashariki hatukuwa na mviringo wa Lever. Tulikuwa na kazi za lazima. Amri ya mwaka 1917 ilifungua njia ya kulazimisha kila mwanakijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na bwana shamba, hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1942, siku zikawa 120. Maniema ilipata pamba. Fasi zingine mchele, karanga, ngazi. Aliyekosa alijua fimbo na gereza. Wazee wetu waliokuwa watoto wakati ule walikuwa wakitaja mashamba yale ya mistari iliyonyooka, "mashamba ya serikali", kwa sauti ambayo haikuwa ya kusifu. Lakini ni wao pia waliotuonyesha mingazi ya mistari ile wakisema: hii tuliipanda sisi, hatutaiacha. Historia haikatwi kwa kisu.

Na mafuta hayo yalikwenda wapi? Mengine Ulaya, kwa sabuni na margarini. Mengine Katanga. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ililisha wafanyakazi wake kwa posho: unga, nyama ao samaki, chumvi, karanga, mafuta ya ngazi. Reli ya Kabalo ilifika ziwani Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1915, na vyakula vya vijiji vya ndani vikapata njia ya kwenda kwa watu wa kambi. Mtoto wa mchimbaji Lubumbashi alikula mafuta ya mkulima ambaye hatamwona. Mama wa kijijini, kwa upande wake, alijifunza kuuza mafuta mazuri na kubaki na makali.

Siri ya Yangambi

Tunafika kwa jambo ambalo linatuuma kuliko yote, nalo halina damu wala fimbo.

Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ilianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na makao yake makubwa yakawa Yangambi, kwenye ukingo wa mto Kongo karibu na Kisangani. Watu wa vijijini walijua tangu zamani ya kama ngazi hazifanani. Kuna zenye kokwa nene na nyama kidogo. Wataalamu wanaziita dura. Kuna zenye kokwa nyembamba na nyama mingi, nazo ni tenera. Kuna miti mingine, pisifera, ambayo karibu haina kokwa kabisa, na mikungu yake mara nyingi inaoza mbele ya kuiva. Ila hakuna aliyejua ju ya nini mtu akipanda kokwa za mungazi mzuri wa tenera anapata miti ya kila namna.

Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa Yangambi, walitoa jibu mwaka 1941. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukichukua dura kama mama na pisifera kama baba, watoto wote watakuwa tenera. Lakini ukipanda mbegu za tenera kwa tenera, kati ya miti mine mmoja utakuwa dura, miwili tenera, mmoja pisifera ambao hauzai. Tenera inatoa mafuta kupita dura kwa karibu asilimia 30. Kwa maneno mengine, kwa ardhi ile ile na jasho lile lile, chupa kumi zinakuwa kumi na tatu.

Ujuzi huo ulipatikana kwetu, kwa miti yetu, na mikono iliyofunga maua na kuhesabu ngazi ilikuwa kwa wingi mikono ya Wakongomani ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jalada. Tazama sasa ulikwenda wapi. Mbele ya vita, mbegu za mungazi mmoja wa bustani ya Eala, karibu na Mbandaka, zilikuwa zimekwisha kupelekwa Sumatra, na wazao wake wamekuwa baba wa mingazi mingi ya Indonesia na Malaysia. Mama zao walikuwa dura wa huko, ambao asili yao ni miche mine tu ya Afrika iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Malaysia mwaka 1960 ilikuwa na hektari karibu 55 000 za mingazi. Leo iko na zaidi ya milioni 5. Hata mdudu mdogo anayebeba unga wa maua, waliomkosa kwa miaka mingi paka wakalipa watu kuchavua maua kwa mkono, walimchukua Kameruni wakamfikisha kwao 1981.

Hatuwalaumu watu wa Asia; walipanda, wakatunza. Tunauliza tu kile kilichotokea huku.

Meli zinapotea, chungu kinabaki

Wakati wa uhuru mwaka 1960, Kongo ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200 000 za mafuta ya ngazi kwa mwaka, na zaidi ya 150 000 kati yake zilikwenda ng'ambo. Hesabu hiyo inatajwa sana katika mikutano, na kila anayeitaja anatikisa kichwa. Sisi tunapenda mtu ahesabu pia kile kilichobaki: nchi ya watu milioni 15 hivi, na sehemu kubwa ya mafuta ya viwanda imekwenda. Waliokula mafuta wakati ule walikula zaidi yale ambayo hayakuandikwa, yale ya kinu.

Kiisha mambo yalifuatana. Uasi wa Kwilu mwezi wa kwanza 1964, na ule wa mashariki mwaka huo huo, viliacha viwanda bila watu na barabara bila malori. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973 Mobutu alitangaza kunyang'anya biashara na mashamba ya wageni kuyapa wenyeji, na wengi waliopewa walikamua kile kilichokuwepo bila kupanda mti hata mmoja. Hili ni jambo la hesabu nyepesi: mungazi unazaa vizuri miaka 25 ao 30, kiisha unakuwa mrefu mno na mikungu inapungua. Miti iliyopandwa miaka ya 1950 ilizeeka miaka ya 1980. Yangambi nayo ilikosa pesa, na mbegu za dura kwa pisifera hazikufika tena vijijini. Meli za mafuta zikapungua paka zikawa karibu hakuna. Mashamba ya Lever yenyewe, Lokutu, Boteka na Yaligimba, Unilever iliyauza kwa kampuni ya Feronia mwaka 2009. Feronia ilianguka 2020 na mashamba yakapita kwa wengine, na vijiji vya jirani vingali vinadai ardhi ile ya 1911.

Wakati huo wote watu waliongezeka. Leo tumepita milioni 100. Na mafuta mengi ya ngazi yanayoliwa Kongo yanatoka kwa wakulima wadogo, na mashini ndogo za kusukuma kwa mkono ao kwa mota, zilizotengenezwa na mafundi wa vyuma katika karakana za mtaani. Wakati waandishi wa hesabu waliandika "uzalishaji umekufa", wamama wa Baraka, wa Kasongo na wa Bumba walikuwa wakichemsha. Mauti yale yalikuwa ya kweli kwenye bandari. Jikoni haikuwa hivyo, ila chupa ilipanda bei, na pengo likajazwa na mafuta ya kiwanda yanayotoka ng'ambo, yale meupe yasiyo na harufu, ndani ya mabidoni ya njano. Mengi yake yametoka Asia, kwa wajukuu wa Eala. Yanapitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, yanapanda paka Kivu, na kuna siku yanauzwa Bukavu bila shida wakati mafuta ya Fizi yamekwama matopeni.

Karanga na soya

Kwa karanga tutasema kwa ufupi, ingawa zinastahili makala yake. Tofauti na mungazi, karanga inazaa ndani ya miezi mitatu ao mine, kwa hiyo mtu aliyekimbia na kurudi anaipanda kwanza. Uadui wake uko fasi mbili. Mbegu ni chakula chenyewe: mwezi wa njaa ukifika mbele ya mvua, nyumba inakula mbegu za msimu ujao, na hakuna wa kulaumiwa. Tena karanga isiyokauka vizuri inashika ukungu ndani ya gunia, na ukungu ule una sumu ya maini. Wazee wetu waliokuwa wakizianika juu ya mwamba na kuzihifadhi ndani ya maganda yake walijua walichofanya.

Soya ni mgeni wa milimani. Huko Lwiro, ambapo IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi, iliweka makao yake kiisha kuundwa mwaka 1947, waganga waliona watoto wengi wa Bushi wamevimba kwa kwashiorkor, nywele zimebadilika rangi. Walikula ndizi na muhogo. Mafuta na protini vilikosekana. Wale ng'ombe wa zamani walikuwa wa watu wachache, na mashamba mazuri yalikuwa yamekwenda kwa chai, kahawa na kinini. Hapo ndipo uji wa soya ulipoingia, kwa mkono wa misioni na vituo vya afya, na leo wamama wengi wanaukubali. Lakini soya ya nyumbani inatoa unga na maziwa, haitoi mafuta ya chungu, kwa sababu hayatoki kwa kinu. Mlima ungali unanunua mafuta.

Vita, na mafuta ya kopo

Mwezi wa kumi 1996 vita vilianzia upande wa Uvira. Watu wa Fizi wengi walivuka ziwa kwa boti za mbao wakaenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo kwa ajili ya Wakongomani. Wengine walikaa miaka kumi, wengine hawajarudi paka leo. Posho ya kambi ilikuwa unga wa mahindi, kunde, chumvi na mafuta ya kopo yaliyotiwa vitamini A. Tusiyadharau, yaliokoa maisha. Lakini mtoto aliyezaliwa kule alijua mafuta kama kitu kinachopimwa kwa kikombe baada ya kuonyesha karatasi.

Kuanzia 2005 boti za UNHCR zilirudisha watu Baraka. Waliofika walikuta mingazi ingali imesimama, kwa sababu mungazi haukimbii. Swali likawa: ni ya nani? Kwa mila, kama tulivyoipokea, mti ni wa aliyeupanda na wa watoto wake, hata udongo ukiwa wa mwingine. Lakini kuna aliyebaki, aliyefyeka chini yake miaka tisa, aliyekata matawi makavu na kulinda moto usipite. Yeye anasema: bila mimi mngekuta mkaa. Mjane anarudi bila mume aliyepanda, na ndugu za mume wanamwambia mti haurithiwi na mwanamke. Wazee wa vijiji walikaa mara nyingi juu ya mambo haya. Fasi nyingine waligawa mikungu nusu kwa nusu kwa msimu mmoja ao miwili kusudi aliyetunza apate jasho lake, kiisha mti ukarudi. Sisi tunaona hukumu hiyo ilikuwa nzuri. Juu ya wajane hatuwezi kusema hivyo. Wengi wao ndio waliochemsha mafuta ya miti ile tangu siku ya harusi, na waliishia kununua ngazi kwa ndoo toka kwa mashemeji wao.

Barabara nayo, tulisema itarudi. Toka Baraka paka Uvira, toka Uvira paka Bukavu, kila mto uliovunja daraja na kila kizuizi cha watu wenye silaha kinatiwa ndani ya bei ya bidoni. Mwezi wa pili 2025 vita vilipofika Bukavu, njia ya Kamanyola ikawa ya hofu. Mlima ulikosa mafuta ya bonde, na bonde lilikosa mnunuzi wa mlima: chini yalikuwa rahisi, juu yalikuwa ghali, kwa mwendo ambao mbele ya hapo ulikuwa wa siku moja ya gari.

Tumalizie kwa mbegu. Siku hizi vijana wengi wa Fizi na Maniema wanapanda mingazi, na tunafurahi kuwaona. Lakini wengi wanaokota kokwa chini ya mungazi mzuri wa jirani, wa tenera, wakifikiri mtoto atafanana na mama. Anayepanda miti mia kwa namna hiyo, robo hivi haitazaa kitu, na robo nyingine itakuwa dura ya kokwa nene. Hataijua kwa majani, kwa sababu majani yanafanana. Atapalilia yote sawa, atalinda yote na mbuzi na moto, na ataijua mwaka wa ine ao wa tano, mikungu ya kwanza ikikatwa na kisu kupasua ngazi. Mwenye kutaka kupanda mwaka huu aulize mbegu zake zimetoka fasi gani, na ni nani alikuwa baba yake. Na kama hakuna wa kumjibu, basi aoteshe miche mingi kupita shimo alizochimba, aache nafasi za kujaza, na asikate mingazi mirefu ya babu yake mbele ya kuona mipya inazaa nini.